Sura ya Tano: Bibi Anakijua Chote, Chuo Kikuu Kinafundisha Nini?

Mzazi aliyeuza ufuta wa msimu mzima ili binti yake afike chuo kikuu ana haki ya kuuliza. Tuseme binti amerudi likizo Kiegei, wilaya ya Nachingwea, na akamweleza kwamba utafiti wake wa mwaka wa mwisho ni wa Kimwera. Mzee atatulia kidogo, halafu litamtoka: "Mwanangu, Kimwera si cha hapa hapa nyumbani? Bibi yako hakukanyaga hata darasa la kwanza na hakuna anayemshinda. Sasa hicho chuo kinakufundisha nini?"

Swali hilo lina ndugu zake wawili. Ruangwa mjini wataliuliza kwa ukali zaidi: ukishamaliza, nani atakuajiri? Na wapo wanaouliza kwa hamu tu, hasa walimu wa sekondari: hivi kweli lugha ya kabila inasomwa chuo kikuu, au ni mambo ya Wazungu?

Nitaanza na la bibi, maana ndilo gumu. Hayo mengine yakifika zamu yake yatakuwa mepesi.

Unachokijua bila kujua kwamba unakijua

Tuache Kimwera kwanza, tushike Kiswahili chako mwenyewe. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Ubao mmoja, mbao mbili. Ukuta mmoja, kuta mbili. Mti ni mrefu, lakini kamba ni ndefu. Mtoto wa miaka mitano hayakosei haya. Lakini mwulize mtu mzima, hata mwenye shahada: kwa nini ulimi uzae ndimi na si "nlimi"? Hiyo "d" imetoka wapi? Na kwa nini ukuta usizae "nkuta"?

Wengi watajibu, "Ndivyo tunavyosema." Ni jibu la kweli, ila halijaeleza kitu.

Maelezo yapo. Wingi wa maneno ya namna hii, na hata sifa inayofuata jina kama "kamba", huwa na sauti ya "n" mwanzoni. Hiyo "n" ikikutana na "l" au "r", inaigeuza kuwa "d": ndimi, ndefu. Ikikutana na "b", yenyewe inageuka kuwa "m": mbao. Ikikutana na "k", "p" au "t", inapotea kabisa: kuta, pepo, tepe. Na ukimsikiliza kwa makini mzee wa pwani akitamka "kuta", utasikia "k" yake ina pumzi nyingi kidogo. Wataalamu wanasema pumzi hiyo ni alama iliyoachwa na "n" iliyopotea.

Sasa vuka uingie Kiyao, ambacho utakisikia Nachingwea, Masasi na Tunduru. Vitenzi "tuma" na "peleka" wanavyo kama sisi. Lakini pale Mswahili anaposema "kunituma", Myao anasema "kunduma". "Kunipeleka" kwake ni "kumbeleka". Hapa "n" imekutana na "t" na "p", na badala ya kupotea imezifanya nzito: "t" imekuwa "d", "p" imekuwa "b". Tatizo ni lile lile la "n" kugongana na sauti ngumu. Kiswahili kimelimaliza kwa kuitupa "n", Kiyao kimelimaliza kwa kuigeuza sauti inayofuata.

Halafu geukia Kimakua, jirani wa wote hao. Chenyewe hakina "b", "d" wala "g" kabisa. Nyumba kwao ni "enupa". "Mb" ya kwetu kwao imekuwa "p". Kimeelekea upande ulio kinyume kabisa na Kiyao.

Weka vidole viwili kooni, useme "sss" kwa muda, kisha "zzz". Kwenye "z" koo linatetemeka, kwenye "s" halitetemeki. Sauti za kundi la "z", "b", "d", "g" huitwa sauti ghuna, na zile za kundi la "s", "p", "t", "k" ni sighuna. Kwa istilahi hizo mbili tu, yote niliyoyaeleza hapo juu yanaandikika kwa mistari mitatu, na mtu aliye Tokyo au Maputo ataelewa Kiyao kinafanya nini bila kujua neno lake hata moja. Elimu hii ya jinsi sauti zinavyopangwa na kubadilishana katika lugha huitwa fonolojia. Ndugu yake, mofolojia, huchunguza jinsi vipande vya neno vinavyoungana. Kwa mfano, "mtu" na "watu" kwa Kiyao ni "mundu" na "wandu". "Kitu" na "vitu" ni "chindu" na "indu". Wa tatu, sintaksia, hushughulika na mpangilio wa maneno katika sentensi. Vyote vitatu vimo ndani ya isimu, yaani taaluma ya kuchunguza lugha kama lugha, iwe ina vitabu elfu au haina hata kimoja.

Basi bibi anajua? Anajua mno. Hakosei hata siku moja, na ukikosea wewe atakucheka papo hapo. Asichoweza ni kukueleza kanuni anayoifuata, kama wewe ulivyoshindwa kueleza ndimi. Chuo kikuu hakimfundishi mtu kusema Kimwera. Kinamfundisha kuiona kanuni, kuiandika na kuilinganisha.

Katika kulinganisha ndimo raha ilimo. Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alikiita Kiyao P21, Kimwera P22 na Kimakonde P23. Kimakua akakiweka pembeni kidogo, P31, na Kingindo P14. Namba zenyewe ni za kuhifadhia tu, kama za mafaili ya masjala, lakini zinaonyesha kwamba lugha tatu za mwanzo zina undugu wa karibu. Kijana wa Nachingwea aliyekulia katikati ya hizo zote amesimama mahali ambapo mtaalamu wa mbali angetamani kuhamia. Shida ni kwamba hajaambiwa.

Niongeze hili haraka. Lugha nyingi za Kibantu zina vitu ambavyo Kiswahili hakina. Kiyao, Kimakonde na Kimakua zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakohesabiwa kama sehemu ya neno. Kihaya, kule Kagera, hutenganisha ndani ya kitenzi kilichofanyika leo, kilichofanyika jana na kilichofanyika zamani. Mtu anayedhani "vilugha" ni Kiswahili kilichoharibika atafute saa moja akae na kitenzi cha Kihaya. Atatoka na adabu.

Kwa ufupi:
- Kusema lugha hakukupi uwezo wa kueleza inavyofanya kazi.
- Isimu hutafuta kanuni ambazo wasemaji wanazifuata bila kuzitambua.
- Lugha isiyo na vitabu ina kanuni sawa na yenye vitabu.

Walioandika kabla yetu

Vitabu vya lugha za kusini si vipya. Vimezidi umri wa mzee yeyote aliye hai, na vya mwanzo havikutengenezwa kusini.

Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye wengi wanamkumbuka kwa sarufi yake ya Kiswahili, alitoa mkusanyo wa Kiyao mwaka 1871 na wa Kimakonde mwaka 1876. Kazi yake ilikuwa Unguja. Watu wa kusini walikuwa wengi kisiwani, wakiwamo waliotolewa utumwani. Mwaka huo wa 1876 Steere aliwapeleka baadhi ya waliokombolewa bara, wakaanzisha makazi Masasi, na miaka mitatu baadaye Chauncy Maples, mmisionari mwenzake, akatoa mkusanyo wa Kimakua. Kwa hiyo baadhi ya kurasa za kwanza za lugha hizi zimetokana na vinywa vya watu walionyakuliwa makwao. Majina yao hayako kwenye majalada.

Mwaka 1906 akaja Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alikuwa amekusudia kwenda Kondoa-Irangi, lakini kwa sababu ya machafuko akaelekezwa kusini, akazunguka Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Vita vya Majimaji vilikuwa bado moto wa juzi. Misheni ya Lukuledi ilikuwa imechomwa mwaka uliotangulia. Ni ajabu kidogo kufikiri kwamba nyimbo za watu waliotoka kwenye njaa na bunduki zilisafiri hadi Ujerumani zikiwa ndani ya nta.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hii ni cha 1919. Kilichapishwa Zomba, Nyasaland, na mwandishi ni Yohanna Abdallah, Myao, kasisi aliyesomea Kiungani, Unguja. Aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao. Meredith Sanderson aliitafsiri kwa Kiingereza, na lugha mbili zikawekwa pamoja. Hapa mwenye lugha hakuwa wa kuulizwa maswali na mgeni. Aliamua mwenyewe nini kisimuliwe na kwa mpangilio gani. Zaidi ya miaka 100 imepita, na kitabu cha namna hiyo bado ni cha kutafuta kwa tochi.

Kimwera kilisubiri. Lyndon Harries, mmisionari aliyefanya kazi kusini mwa Tanganyika, na ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kitabu chake kuhusu ushairi wa Kiswahili, alitoa sarufi ya Kimwera mwaka 1950. Ilichapishwa Johannesburg, kwa Kiingereza. Mwaka 2002 Uta Reuster-Jahn alitoa kitabu kikubwa kuhusu hadithi za Wamwera na jinsi zinavyosimuliwa. Kilichapishwa Köln, kwa Kijerumani. Mwaka 2005 Peter Kraal alimaliza sarufi ya Kimakonde, lahaja ya Chinnima, katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi.

Johannesburg, Köln, Leiden. Sina ugomvi na waandishi hao. Bila wao tungekuwa mikono mitupu, na aliyewahi kujaribu kuandika sarufi ya lugha moja tu hatawadharau. Ugomvi wangu ni kwamba mwalimu wa Ruangwa anayetaka kujua Harries alisema nini kuhusu ngeli za Kimwera, yaani makundi ya majina kama M-/WA- na KI-/VI-, atahitaji Kiingereza cha kitaalamu na rafiki mwenye maktaba. Kwa hadithi za Wamwera atahitaji Kijerumani.

Dar es Salaam inaingia kazini

Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Mradi wa Lugha za Tanzania, kwa msaada wa fedha kutoka Sweden. Nchi ina lugha zaidi ya 120, na hapakuwa na ramani ya kuaminika ya nani anasema nini na wapi. Sensa za siku hizi hazimwulizi mtu kabila lake. Mradi ukatuma madodoso hadi ngazi za chini za utawala, na mwaka 2009 ikatoka Atlasi ya Lugha za Tanzania. Pamoja nayo vilitoka vitabu vya msamiati na sarufi vilivyoandikwa na walimu wa chuo wenyewe: Josephat Rugemalira kwa Kinyambo, Henry Muzale kwa Kihaya, Abel Mreta kwa Chasu, yaani Kipare, Kulikoyela Kahigi kwa Kisumbwa, na vingine.

Tazama ramani ya hizo lugha nilizozitaja. Kagera, Kilimanjaro, Geita. Ni kaskazini tupu. Sioni hila hapo. Mtaalamu huanza na lugha aliyoinyonya, na kaskazini ilipata shule mapema ikatoa maprofesa mapema. Kusini ilipata misheni mapema vile vile, lakini mambo mengine yalichelewa. Serikali ya kikoloni ilileta Nachingwea mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, ukafa baada ya miaka michache, na reli yake ikang'olewa baadaye. Kwa hesabu hiyo, kamusi nzuri ya lugha ya nyumbani kwenu itategemea kama kuna mtoto wa kwenu aliyefika kusoma isimu. Ndiyo maana swali la yule mzee wa ufuta lina uzito kuliko anavyodhani.

Je, ipo shahada ya Kimwera? Hapana. Tanzania hakuna shahada yenye jina la lugha ya jamii isipokuwa Kiswahili. Unachosoma ni isimu, au Kiswahili, halafu Kimwera, Kiyao au Kimakonde kinakuwa shamba lako la utafiti. Makerere, Uganda, wamekwenda mbele ya hapo: Luganda na Runyakitara ni masomo ya shahada yanayojitegemea, na zinafundishwa shuleni pia. Wana sababu zao za kihistoria. Huko hakukutokea lugha moja ya kuwaunganisha wote kama Kiswahili kilivyotuunganisha.

Njia yenyewe kwa kijana wa kwetu ni hii:
- Kidato cha tano na sita, mchepuo wenye lugha, kwa mfano HKL: Historia, Kiswahili na Kiingereza.
- Shahada ya kwanza ya isimu au ya Kiswahili. Dar es Salaam kuna Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, na kuna TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Idara ya Kiswahili. Dodoma nako wanafundisha.
- Shahada ya pili, na hapo ndipo tasnifu nyingi juu ya lugha za jamii huandikwa.

Hiyo TATAKI ina faida ambayo haisemwi vya kutosha. Unaweza kuandika tasnifu yako kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho kwa Kiswahili, hata ya uzamivu, yaani ile inayompa mtu udaktari wa falsafa. Sarufi ya Kimwera iliyoandikwa kwa Kiswahili inaweza kusomwa na mwalimu wa Ruangwa, na mtendaji wa kata, na mjukuu wa yule bibi. Ningekuwa msimamizi wa mwanafunzi wa kusini ningeling'ang'ania hilo.

Kuna wanaoogopa kwamba kusoma lugha za makabila kutarudisha ukabila. Woga huo una historia, na mimi siucheki. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967 kwa makusudi ya kujenga taifa, na kazi hiyo kiliifanya. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe inahimiza lugha za jamii zitafitiwe, ziandikwe na zihifadhiwe. Tena Kiswahili kinanufaika, maana akina BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) na TATAKI wanapotafuta istilahi, ghala la karibu la maneno ya Kibantu ni hizi hizi lugha za vijijini.

Wamaya walifanyaje?

Msomaji aliyewahi kusikia kwamba Marekani kuna vyuo vinavyofundisha Kimaya huuliza: kwa nini Kimaya kisomwe huko na Kimwera kisisomwe kwetu?

Kwanza, Kimaya si lugha moja, kama Kibantu kisivyo lugha moja. Ni ukoo wa lugha za Guatemala na kusini mwa Meksiko: Kik'iche', Kimam, Kikaqchikel na nyingine. Guatemala peke yake inazo 22. Sifa yao ilitangulizwa na mawe, kwa kuwa Wamaya wa kale walikuwa na maandishi yao. Yuri Knorozov, Mrusi, alionyesha mwaka 1952 kwamba alama nyingi zilisimamia sauti, na usomaji uliofuata ulitegemea lugha za Wamaya walio hai. Wanaakiolojia walijikuta wanawahitaji wakulima.

Lakini hayo ya mawe si ya kutuhusu sana. La kutuhusu lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika mji wa Antigua, ambako mradi uitwao Francisco Marroquín uliwachukua vijana wa Kimaya, wengine wenye elimu ndogo ya darasani, ukawafundisha isimu wachunguze lugha zao wenyewe. Nchi ilikuwa vitani. Vita vile vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu tangu 1960 hadi 1996 na viliua Wamaya wengi mno. Bado kazi ikaendelea. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kimarekani Nora England alisaidia kuanzisha kundi la watafiti Wamaya, OKMA, na mwaka huo huo sheria ikaiunda Akademia ya Lugha za Kimaya ya Guatemala, chombo kinachofanana kidogo na BAKITA yetu, ila chenye jukumu kwa kila lugha. Leo Chuo Kikuu cha Tulane cha Marekani kinapotaka wanafunzi wake wajue Kikaqchikel, huwa kinawapeleka Guatemala, na wanaosimama mbele ya darasa ni Wamaya.

Sifa ya maandishi ya kale hatuna, na vita hatuvitaki. Lakini kile kitendo cha kumchukua msemaji na kumpa ujuzi wa mtafiti hakihitaji piramidi.

Nani atakuajiri?

Nitasema wazi, kwa sababu vitabu vya kuhamasisha vijana huwa vinakwepa. Hakuna tangazo la kazi litakaloandikwa "anatafutwa mtaalamu wa Kimwera". Anayekwenda kusoma isimu akitegemea hilo atarudi na manung'uniko.

Kinachouzika ni ujuzi uliomo ndani. Aliyezoea kuchambua lugha ngumu isiyo na kamusi anaweza kufundisha Kiswahili na Kiingereza vizuri kuliko aliyekariri sarufi. Anaweza kutafsiri na kukalimani. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na nyaraka za kutafsiriwa si haba. Anaweza kutengeneza kamusi. Mashirika ya kutafsiri Biblia yameajiri wanaisimu kwa miaka mingi, hasa upande wa Mbeya. Na sasa kuna kazi ya kuzifundisha kompyuta kusikia na kuandika lugha za Kiafrika, ambayo inahitaji watu wanaojua tofauti ya "t" na "th" ya Kimakua bila kubahatisha.

Anayetaka fedha za haraka alime ufuta, avizie mnada wa chama cha ushirika cha RUNALI.

Kijijini, kwa mpangilio

Umepata nafasi, mada imepita, na shamba lako la utafiti ni Kiegei. Kuna adabu na kuna mbinu, na moja bila nyingine haifiki mbali.

Barua ya chuo inakwenda mkoani, inashuka wilayani, kwa mtendaji wa kata, kisha kijijini. Usiiruke ngazi hata kama mtendaji ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako. Usiende wakati wa kuvuna ufuta, wala korosho zinapoanza kuanguka, maana hapo hata mwenye nia njema hana muda wa kukutajia viungo vya mwili. Ukimkalisha mtu nusu siku, umemtoa shambani, basi mfidie.

Kazi huanza na orodha ya maneno ya msingi: kichwa, jicho, maji, moto, kula, kufa. Orodha za aina hii zilipata umaarufu kwa Mmarekani Morris Swadesh, na zina maneno 100 au 200. Haifai kuishia hapo. Orodha inakupa mifupa tu, tena mifupa ile ile kila mahali. Ming'oko inachimbwaje, inapikwaje, mabibo yanakamuliwaje hadi yawe uraka, majani gani hutafunwa na mbuzi na yapi humwua: huko ndiko maneno yasiyopatikana kwenye orodha ya mtu yeyote yanakoishi.

Mtego mkubwa ni kuuliza kwa Kiswahili. Ukimwambia bibi, "Bibi, shikamoo. Unasemaje 'nimempa mtoto maji'?", naye akaitika "Marahaba mjukuu wangu" na kukujibu, mara nyingi ataupanga Kimwera chake kifuate mpangilio wako, kwa ukarimu tu. Utaondoka na Kiswahili kilichovaa nguo za Kimwera. Dawa ni kunasa watu wakiongea wao kwa wao: wanabishana bei, wanamsema mkwe, wanasimulia hadithi usiku. Ukienda nyumbani ndipo uchambue, kisha urudi kuuliza ulichokwama.

Halafu sikiliza nani hasemi. Nachingwea na Ruangwa wamechanganyika Wamwera, Wayao, Wamakonde, Wamakua na Wangindo. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 viliwaweka nyumba kwa nyumba, shule ikawapa Kiswahili, na ndoa za mseto zikamaliza kazi. Baba Myao na mama Mmwera watalea kwa lugha ipi? Mtoto akijibu kwa Kiswahili kila anaposemeshwa kwa Kimwera, liandike hilo nalo. Ni data. Uchunguzi wa lugha inavyotumika kati ya watu, nani na nani, wapi na lini, huitwa isimujamii, na pengine kusini hii ndiyo yenye haraka kuliko zote.

Kwa ufupi, kabla ya kuwasha kinasa sauti:
- Kibali cha ngazi zote, na ridhaa ya msemaji mwenyewe.
- Mazungumzo ya kawaida yazidi orodha za maneno.
- Andika umri wa msemaji, alikokulia na lugha za wazazi wake.

Kuna sauti za kuacha. Nyimbo na mafundisho ya jando na unyago zina wenyewe. Mwanamume hana analotafuta kwenye ya wanawake, na hata mwanamke aliyepita humo hana ruhusa ya kuyapeleka kwenye maktaba bila wakubwa wake kukubali. Watafiti wa zamani walichapisha vingi vya namna hiyo bila kuuliza sana. Tasnifu yako itasimama bila hivyo.

Ukimaliza, nakala. Maktaba ya chuo itachukua yake kwa sheria zake, hilo halikupi kazi. Chapisha nyingine mbili, hata kwa karatasi za kawaida zilizobanwa kwa uzi. Moja iende shule ya sekondari iliyo karibu, mkononi mwa mwalimu wa Kiswahili na si kabatini kwa mkuu. Nyingine ibaki kwa familia ya aliyekusaidia zaidi, na sauti zake ziwekwe kwenye kadi ya simu ya mjukuu. Na ukurasa wa kwanza uandikwe majina ya wasemaji wote waliokubali kutajwa, juu ya jina la msimamizi wako.